Baiskeli Yenye Bunduki Tatu



Katika vikundi vyetu tumezoea kusema kwamba mlei Mkristo hufuata hatua tatu: kuona, kupima, kutenda. Njia hiyo tuliipokea kutoka kwa Joseph Cardijn, padri wa Ubelgiji aliyeanzisha chama cha Vijana Wakristo Wafanyakazi mwaka 1925, na Papa Yohane XXIII aliisifu katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961. Mimi nimeifundisha kwa miaka mingi. Nimeiandika ubaoni, nimeitungia maswali, nimewasahihisha wengine waliochanganya mpangilio wake. Hata hivyo, hatua ya kwanza sikuwa nimejifunza. Walionifundisha ni kipande cha chuma kilichotoka matopeni na kijana mmoja niliyemkosea.

Nilianza kwa kutenda

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika hapa Uvira. Sina haja ya kuwasimulia yaliyotokea. Wengi wenu mlikuwapo, na baadhi yenu mlizika watu wenu. Makanisa yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya korona, lakini vijana walikuja na makoleo na ndoo. Walianza kwa kuondoa matope katika nyumba za majirani, kisha wakaingia katika ghala la parokia. Humo, chini ya makabati yaliyooza na vitabu vilivyogeuka uji, waliikuta fremu ya baiskeli.

Waliicheka. Baiskeli tunayoijua ina bomba moja lililonyooka kutoka shingo ya usukani hadi chini ya tandiko, na jingine linaloshuka hadi kwenye pedali. Hii haikuwa hivyo. Mabomba yake yalikuwa membamba, yakienda mawili mawili sambamba; mawili yalipinda kwa juu, mawili yakapinda kwa chini, na yote yakakutana tena nyuma, penye gurudumu, mfano wa mwili wa samaki. Katikati ya mwili huo, juu na chini, palikuwa na bawaba zilizokazwa kwa nati zenye masikio mawili, zile ambazo mtu huzifungua kwa vidole bila spana. Mmoja akaiita mgebuka. Mwingine akasema ni mchezo wa watoto.

Wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa ni mwalimu wa fizikia na watu hunitazamia nijue. Nikasema: «Hii ni ya Kitaliano. Mapadri waliotutangulia hapa walitoka Italia. Ilivunjika katikati, na fundi fulani asiyejua kazi akaiunga kwa bawaba.» Nilisema hayo nikiwa nimesimama, mikono mfukoni. Sikuinama hata mara moja kuitazama.

Wakati huo katekista wetu mmoja, mzee anayehudumia vigango vya bonde la Ruzizi, alikuwa amepoteza kinga yake katika mafuriko yale yale. Hapa kwetu baiskeli tunaiita kinga, kama vile majirani zetu Warundi wanavyoiita ikinga. Na katika Kiswahili cha vitabuni neno hilo maana yake ni kitu kinachomlinda mtu. Kwa mzee yule ilikuwa hivyo kweli. Bila kinga alitembea asubuhi nzima kufika kwa wagonjwa, na jioni alirudi akiwa ameshika kiuno. Vijana wakaamua: fremu hii tuitengeneze, apewe katekista. Wakachanga fedha walizopata kwa kubeba mchanga na mawe katika nyumba zilizobomoka. Fedha hizo wakanikabidhi mimi.

Nilikwenda sokoni siku ile ile. Nilinunua matairi mawili ya inchi 26, kwa kuwa nilikadiria kwa macho kwamba gurudumu la inchi 26 lingeingia. Nilirudi nimeridhika, na tukaanza kazi chini ya mwembe nyuma ya ukumbi.

Niwaeleze kidogo umbo la mashine hii, kwa maana kosa langu lilitokea hapo. Chini kabisa ya fremu kuna bomba fupi la kulala, ambamo ekseli ya pedali huzunguka juu ya gololi. Gololi hizo hukaa ndani ya vikombe viwili vya chuma, kimoja kila upande, na kila kikombe hufungwa kwa hesi, kama skrubu. Vikombe vyetu vilikuwa vimeliwa na kutu, ikabidi vitoke. Katika baiskeli za zamani za Italia na Ufaransa, vikombe vyote viwili hufunguka kama kifuniko cha chupa, kwa kuzungushwa kuelekea kushoto. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba fremu ni ya Italia. Basi nikaishika spana kubwa, nikaitia bomba refu mkononi ili niongeze nguvu, nikakisukuma kikombe cha kulia kuelekea kushoto.

Hakikusogea. Nikasukuma tena. Wawili wakaishika fremu, nami nikaning'inia kwenye bomba kwa uzito wangu wote.

Miongoni mwa waliokuwapo palikuwa na kijana wa miaka 19. Alikuwa amejiunga nasi miezi michache kabla, mkimya, mwenye mikono mizuri kwa kazi. Wengine hawakujua alikotoka. Mimi nilijua, kwa sababu mama yake alikuja kwangu usiku, akaniambia kwamba mwanawe alikuwa ameishi msituni na kikundi chenye silaha, kwamba amerudi, na kwamba anaomba nimpokee bila kumtangaza. Nilimwahidi.

Kijana huyo akasogea, akasema kwa upole: «Mwalimu, labda huu upande unafunguka kinyume. Pedali ya kushoto pia hufunguka kinyume.»

Nilikuwa nimechoka, jasho limeniingia machoni, na vijana wote walikuwa wakitazama. Nikamjibu: «Nyamaza wewe. Ulichojifunza kufungua ni bunduki.»

Spana ikateleza, kingo za kikombe zikachubuka, na ukingo wake mmoja ukapasuka. Lakini hakuna aliyetazama kikombe. Kijana alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia mafuta. Akakikunja vizuri, akakiweka juu ya jiwe, akaondoka.

Hakurudi Jumapili ile, wala iliyofuata, wala ya tatu. Wazazi wawili, baada ya kusikia neno lililotoka kinywani mwangu, waliwaondoa watoto wao katika kikundi.

Kuona

Niliibeba fremu hadi kwa fundi mmoja mzee wa upande wa Kalundu. Nilianza kumweleza: ni ya Kitaliano, ilivunjika, iliungwa. Alinisikiliza kidogo, kisha akaacha kunisikiliza. Alichukua mswaki uliochakaa na kopo la mafuta ya taa, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuosha. Aliosha shingo ya usukani, akaosha bawaba, akaosha viungio vyote. Muda ulipita. Mwishowe akafika kwenye mkono wa pedali, akausugua, akaupangusa kwa kidole gumba, akauelekeza kwenye mwanga.

«Soma, mwalimu.»

Juu ya chuma palikuwa na alama ndogo isiyozidi ukucha: bunduki tatu zimesimamishwa, midomo yake imeegemeana juu, kama askari wanavyozipanga wakati wa kupumzika.

«Hii ni BSA,» akasema. «Mjomba wangu alikuwa nayo Kigoma. Kikombe cha kulia cha hawa hufunguliwa kuelekea kulia. Nani alikivunja?»

Nikamwambia ni mimi.

«Mtu asiyeosha hawezi kusoma, mwalimu,» akasema, na hakuongeza neno.

BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, yaani silaha ndogo za Birmingham. Ni kampuni iliyoundwa mwaka 1861 na mafundi wa bunduki wa mji huo wa Uingereza. Serikali ilipopunguza kununua bunduki, kiwanda kilikaa bila kazi ya kutosha, na kufikia miaka ya 1880 kikaanza kutengeneza baiskeli. Haikuwa ajabu. Fundi wa bunduki anajua kufanya kazi na bomba la chuma, anajua kutengeneza vipande vidogo vinavyolingana kabisa, hata kipande cha mashine moja kikaingia katika nyingine. Baiskeli inadai ujuzi huo huo. Kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, ambacho bunduki zake wazee wetu walizijua vizuri mno, nacho kilitengeneza baiskeli. Ndiyo sababu nembo yake ina bunduki pamoja na mikono ya pedali ya baiskeli. BSA iliziweka bunduki zake tatu juu ya baiskeli zake, na hesi yake ya kikombe ikaenea duniani, hata leo mafundi wa nchi nyingi huiita kwa jina la kampuni hiyo.

Kikombe hicho kina kipenyo cha inchi 1.37, yaani karibu milimita 34.8, na kile cha Ufaransa kina milimita 35. Tofauti ni sehemu mbili za kumi za milimita. Kwa macho ni kitu kimoja. Ukilazimisha kimoja mahali pa kingine, huanza kuingia vizuri, nawe unafurahi. Kisha huziharibu hesi zote.

Niliporudi, paroko akanisaidia kutafuta picha kwa simu yake, na hapo tukaitambua fremu yenyewe. Bawaba zile hazikuwa kiraka cha fundi mbaya. Zilikuwa ndiyo maana yake. Katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la Uingereza lilihitaji baiskeli ambayo askari wa miavuli angeweza kuruka nayo kutoka katika ndege. BSA ikatengeneza hii: fremu inayokunjika katikati kwa kulegeza nati mbili zenye masikio, mabomba yaliyopindwa mawili mawili ili iwe nyepesi na bado istahimili kishindo, na badala ya pedali za kawaida, vijiti vya chuma tupu vinavyosukumwa ndani ili visichome mtu. Iliteremka ikiwa imepinduliwa, magurudumu juu, ili tandiko na usukani ndivyo vigonge ardhi. Zilitengenezwa makumi ya maelfu, na tarehe 6 Juni 1944, siku ya kutua Normandy, askari walishuka nazo pwani. Vita vilipokwisha, zile zilizobaki ziliuzwa kwa raia.

Basi fremu iliyolala ghalani mwetu ilikuwa imetengenezwa na watengeneza bunduki, kwa ajili ya vita, kwa ajili ya askari.

Kupima

Nilifurahi kupita kiasi. Juma lile nilimsimulia kila mtu: mapadri, walimu wenzangu, mama wauza samaki. Niliwaonyesha bunduki tatu. Niliwaeleza jinsi askari walivyoruka usiku, na baiskeli ikining'inia kwenye kamba. Watu walishangaa, nami nikajiona mkubwa.

Jioni moja nilikuwa nikiisimulia habari hiyo kwa mara ya kumi, na mwanamke mmoja akapita barabarani na beseni kichwani. Alikuwa mama wa yule kijana. Alinisalimu kwa heshima, kama kawaida yake, «Mwalimu, jioni njema,» akaendelea na safari. Maneno yakanikauka kinywani.

Nilikuwa nikifanya nini? Historia ya chuma niliisimulia kwa fahari. Historia ya mwanawe niliitumia kama jiwe la kumpiga. Vyote viwili vilikuwa vimechukuliwa kwa ajili ya vita. Vyote viwili vilikuwa vimetoka vitani na kutafuta kazi nyingine. Lakini baiskeli haikuniaibisha mbele ya watu, wala haikuniambia kwamba nimekosea, na kwa hiyo niliipenda.

Tena niliona kwamba makosa yangu mawili yalikuwa kosa moja. Niliitazama bawaba nikasema: kilema. Nilimtazama kijana nikasema: bunduki. Sikuinama, sikuosha, sikusoma. Katika Injili ya Yohane, Natanaeli aliposikia kwamba Yesu ametoka Nazareti alikuwa na hukumu yake tayari, kwa sababu ya jina la kijiji tu. Filipo hakubishana naye. Alimwalika aje ajionee mwenyewe. Nami nimewafundisha vijana sehemu hiyo mara nyingi, kila mara nikijiweka upande wa Filipo.

Kuna jambo jingine ambalo fundi alinieleza, nami nimelichunguza kwa fizikia yangu nikaona ni kweli. Kwa nini Waingereza waligeuza hesi ya upande wa kulia? Kwa sababu mtu anapokanyaga pedali, gololi zinazobiringika hukisukuma kikombe kidogo kidogo upande wa pili, mpaka kikombe chenye hesi ya kawaida hulegea chenyewe. Hesi ya kinyume huzuia hilo. Mimi niliyening'inia kwenye spana niliona ukaidi, kumbe ule ulikuwa ulinzi. Nilimkumbuka kijana wetu, ukimya wake, jinsi asivyojibu anapoulizwa amekulia wapi. Nilikuwa nimeuhesabu ukimya huo kuwa kiburi.

Jumamosi nilikwenda kupokea sakramenti ya Kitubio. Padri alinisikiliza, kisha akaniuliza swali moja tu: neno hilo nililisema faraghani au mbele ya watu?

Kutenda

Nilikwenda nyumbani kwao kwanza. Mama alinipa kiti. Kijana alibaki amesimama mlangoni. Nilimwomba mama msamaha kwa kuvunja ahadi niliyompa, kisha nikamwomba kijana msamaha kwa neno nililolisema. Nikamwambia pia kwamba alikuwa na haki: kikombe hufunguka kinyume.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: «Mwalimu, ulisema kweli. Nilijifunza kufungua bunduki. Kipande kinachofungwa mdomoni mwa zile tulizobeba hufunguka kinyume. Ndiyo maana nilijua.»

Sikuwa na la kumjibu. Mama yake akatazama chini. Baadaye kijana akaongeza: «Nitakuja. Lakini asiwepo mtu wa kuniita yule wa msituni.»

Jumapili iliyofuata, mbele ya kikundi chote, palepale chini ya mwembe, niliomba msamaha tena. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri kuhusu nabii Isaya na maono yake ya silaha zinazofuliwa kuwa zana za kulimia. Sikuyasema. Nilisema kosa langu kwa sentensi tatu, nikakaa. Mmoja wa wazazi wale wawili amemrudisha mtoto wake. Mwingine hajamrudisha mpaka leo, na kila ninapokutana naye nakumbuka kwamba msamaha haufuti yote ambayo ulimi umekwisha kuyafanya.

Kisha tukaanza kazi upya, safari hii kwa mpangilio. Kijana alikizungusha kikombe kilichopasuka kuelekea kulia. Baada ya siku mbili za kuloweka mafuta na kugonga taratibu, kikatoka. Fundi wa Kalundu alitupatia kingine kutoka katika kopo lake la vyuma vya zamani, chenye hesi ile ile. Tukaweka grisi na gololi 11 kila upande. Pini za mshazari zinazobana mikono ya pedali za Kiingereza zina unene wa milimita 9.5, zile tulizopewa kwanza zilikuwa za milimita 9, na mkono ukacheza. Safari hii hatukulazimisha. Tulirudi kwa fundi.

Matairi yangu ya inchi 26 yalikataa. Hapo nilijifunza kwamba kuna inchi 26 nyingi. Ile ya baiskeli za milimani, zinazouzwa sana sokoni, hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 559. Ile ya zamani ya Kiingereza, inayoandikwa 26 × 1 3/8, hukaa kwenye milimita 590. Jina moja, na tofauti ya milimita 31. Nikayauza matairi kwa hasara na kuilipa hasara hiyo kutoka mfukoni mwangu, maana fedha zilikuwa jasho la vijana. Magurudumu yanayofaa tuliyapata Bujumbura, katika baiskeli iliyochakaa ya mwanamke mmoja.

Siku ya kuvisha matairi niliwaambia vijana jambo ambalo kila Mkongomani anapaswa kulijua anaposhika mpira. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alitengeneza huko Belfast tairi la kujazwa upepo. Baiskeli zikapendwa Ulaya na Marekani, na mpira ukatafutwa kila mahali. Ulitafutwa hapa pia, katika nchi iliyokuwa chini ya mfalme Leopold II mpaka mwaka 1908, ambako vijiji vililazimishwa kuleta mpira wa porini, na walioshindwa walipigwa, walichukuliwa mateka, walikatwa mikono. Babu zetu waliilipia baiskeli kabla hawajaiona. Mwenyeheri Isidore Bakanja, mlei mwenzetu, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya Wazungu huko Ikili, katika nchi hiyo ya mpira na pembe za ndovu, alipopigwa mijeledi kwa sababu ya skapulari yake na sala alizowafundisha wenzake. Alifariki mwaka 1909 akiwa amemsamehe aliyempiga. Sikuwaambia hayo ili waichukie baiskeli. Niliwaambia ili wasiipende kwa ujinga.

Ilipobaki kupaka rangi, yakazuka mabishano. Vijana kadhaa walitaka tuchukue tupa tufute bunduki tatu kwenye mkono wa pedali. Katekista, walisema, hawezi kwenda kuwapelekea wagonjwa Komunyo akiwa na bunduki chini ya mguu wake. Nilielekea kukubaliana nao. Katika nchi yetu, ni nani asiyechoka kuona bunduki?

Yule kijana alikuwa akikaza spoku, na hakuinua kichwa. Akasema: «Mkiifuta, fundi atakayekuja baada yetu atajuaje inafungukia upande gani?»

Tuliiacha.

Katekista sasa anaipanda kila juma. Analalamika kwamba tandiko ni gumu na kwamba watoto wa vijijini humkimbilia ili waione ikikunjwa, hata inambidi aikunje kabla ya katekesi ili watulie. Vijiti vile vya pedali huteleza wakati wa mvua, kwa hiyo tumevifunga vipande vya tairi kuukuu. Na nati zenye masikio zina tabia ya kulegea kwa mtikisiko wa barabara. Zikilegea, baiskeli nzima hujikunja chini ya mtu. Kila Jumamosi jioni yule kijana huenda kwa katekista kuzikaza kwa vidole vyake, ya juu kwanza, kisha ya chini, halafu huipanda mwenyewe hadi mwisho wa njia na kurudi, ili awe na hakika.

Ameyasoma maandishi haya kabla yenu. Alifuta sentensi mbili, nami nimeziacha zibaki zimefutwa.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Ni nani katika parokia yetu au katika mtaa wetu ambaye tumempa jina kwa sababu ya alikotoka, bila kukaa naye na kumsikiliza?

2. Nilipokosa mbele ya watu, je, niliomba msamaha mbele ya watu? Kitu gani kilinizuia?

3. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini, mwezi huu, ili kijana aliyerudi kutoka katika vikundi vyenye silaha apate kazi ya mikono na watu wa kufanya nao kazi hiyo?